Tundu la Chumba cha Chini

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatano. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu kila niwashapo mashine ya kufulia huiandika, ili nijue umeme unakwenda wapi. Mashine ilikuwa inamwaga maji yake ya kwanza. Nikasikia sauti kama ya mtu anayesukutua, nikageuka, nikaona maji yanapanda kutoka kwenye tundu la sakafu. Yalikuwa meupe kwa mapovu, na yalikisukuma kifuniko cha chuma mpaka kikakaa upande.

Nyumba yetu iko Shella, hapa Malindi. Ni ya mawe na ya zamani, na chumba hicho kiko chini ya ua kwa vidato vitatu. Kilikuwa ghala ya marehemu baba. Miezi minane kabla ya siku hiyo, mama alivunjika nyonga. Ngazi za kwenda juu ni kumi na nne na choo kiko karibu na ghala, kwa hiyo tukamhamishia huko. Kitanda chake tulikiweka pembe ya ndani. Tundu liko pembe ya mlangoni, nyuma ya kabati, mahali ambapo yeye akiwa amelala hapaoni. Mashine niliiweka hapo hapo nyuma ya kabati, na mpira wake wa kutolea maji nikautia tunduni. Shuka za mgonjwa hufuliwa kila siku.

Nilizima mashine. Nikafunga mfereji wa uani na wa chooni. Maji hayakurudi chini, yalitandaa. Nikachukua futi ya cherehani nikapima kutoka ukingo wa maji hadi mguu wa kitanda: futi saba na inchi mbili. Nikaweka alama sakafuni kwa chaki ya kushonea, moja hapo na nyingine kila futi hadi kitandani.

"Unafanya nini huko chini?" mama akauliza.

"Napima, mama."

"Wapima nini, kanzu ya sakafu?"

Nilimwambia maji yamemwagika kidogo. Sikutaka ajue zaidi, na sababu yake ilikuwa moja. Mdogo wangu wa kiume anakaa Mambrui, na tangu mama aanguke alikuwa akishikilia kwamba chumba kile hakimfai mgonjwa, ahamie kwake. Mama alikuwa amekwisha kumjibu, mbele yangu: "Nikitoka mlango huu nimebebwa, nitakuwa nimefunikwa." Mara ya mwisho tulipombeba, kutoka garini hadi kitandani, alipiga ukelele ambao mpaka leo naukumbuka. Niliogopa safari hiyo kuliko nilivyoogopa maji.

Nilikwenda dukani nikanunua dawa ya kuzibulia, makopo mawili, nikamimina, nikasubiri nusu saa kama ilivyoandikwa. Hakuna kilichobadilika isipokuwa harufu, nayo ilimfanya mama akohoe. Nikafungua dirisha.

Kisha nikatoa daftari langu. Miaka sita iliyopita, tulipojenga choo kipya, nilichora ramani ya paipu zote za nyumba kwenye karatasi ya miraba. Shule sikwenda mbali, na kwa hiyo kila ninachojifunza hukiandika nisije nikakipoteza. Kwenye ramani ile, kutoka tundu la ghalani hadi shimo la choo lililo uani, palikuwa na mstari wa nukta. Nikaona jibu limepatikana: shimo limejaa, ndiyo maana maji yanarudi. Nikapigia simu gari la kunyonya uchafu.

Lilifika saa sita kasorobo. Wakanyonya, wakalipwa, na dereva akakunja mpira wake akaniambia, "Shimo lako lilikuwa nusu tu, mama. Ungekaa nalo mwaka mwingine."

Nilirudi ghalani nikakuta maji yako pale pale. Na saa sita na nusu mvua ikaanza, mvua nzito ya masika. Mifereji yote imefungwa, mashine imezimwa, shimo ni tupu, na bado maji yakapanda tena. Nilisimama nikiyatazama yakiivuka alama ya kwanza ya chaki, kisha ya pili. Futi tano. Futi nne na nusu. Sikujua yanatoka wapi, na mimi kitu nisichojua kinatoka wapi siwezi kukaa nacho chumba kimoja.

Ndipo mdogo wangu akapiga simu. Kuna mtu alikuwa ameliona gari la kunyonya mlangoni petu, na Mambrui si mbali kwa habari.

"Dada, ni kweli mama analala ndani ya maji?"

"Hayajamfika."

"Hayajamfika! Kwa hiyo tunasubiri yamfike? Saa kumi nikishaswali naja na gari na vijana wawili wa kumbeba."

"Mvua inanyesha."

"Ndiyo maana naja."

Nilikata simu nikamtafuta fundi. Nilimpata mmoja achimbaye mashimo ya vyoo, mtu mzima, kwao Adu, mwenye mtaimbo mrefu kumshinda. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia mama, "Shikamoo, hawe," kwani ndivyo kwao wamwitavyo bibi, na mama akamwitikia marahaba kwa sauti nzuri kuliko aliyoniwekea mimi siku nzima. Akachutama nyuma ya kabati, akatia waya tunduni. Waya ulizama urefu wa mkono ukagota. Akauzungusha, akautoa una tope na nyuzi za shuka.

"Hapa hapana paipu, mama," akaniambia.

"Ipo. Inakwenda shimoni." Nikamfungulia daftari.

Aliitazama ramani kwa adabu, akaigeuza, akaitazama tena. "Karatasi yako ina paipu," akasema. "Nyumba haina."

Nikamwambia avunje sakafu kandokando ya tundu, paipu ataiona. Ilikuwa saa nane na robo. Akainua mtaimbo. Pigo la kwanza lilitikisa kabati. La pili likatoa kipande cha sakafu kama sahani. Kabla ya la tatu mama akaita, na hakuniita kwa sauti ya kawaida.

"Huyo yuwachimba nini pembeni kwangu?"

"Tunazibua tundu la maji, mama."

"Tundu gani? Pembe ya mlangoni?"

"Ndiyo."

Nilipochungulia niliona ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, anajaribu kujiinua, naye hakuwa amejiinua tangu aanguke.

"Mwanichimbia ufuo," akasema, "nami ningali napumua?"

Fundi akashusha mtaimbo. "Ufuo?" akaniuliza polepole. "Bahari imefika huku?"

Kwa wengi, ufuo ni mchanga wa pwani. Kwa watu wa mama, waliotoka visiwa vya kaskazini, ni pia lile handaki dogo linalochimbwa ndani ya nyumba ili maji ya kumwoshea maiti yaingie humo. Maiti akishatoka, handaki hufukiwa. Nikakaa kwenye kitanda cha mama nikamshika mkono, ulikuwa baridi, nikamwambia hakuna anayemchimbia chochote. Tundu lilikuwapo siku zote, lina kifuniko cha chuma.

"Basi ndilo hilo," akasema. "Ndio ufuo wa bibi yako."

Akanieleza, na fundi akiwa amesimama nyuma ya kabati akisikiliza. Mama yake baba alifariki wakati wa masika, nami nina miaka minne, nikapelekwa kwa majirani. Ua ulikuwa umejaa maji, ikabidi aoshewe ghalani. Ufuo ukachimbwa pembe ya mlangoni. Baada ya mazishi baba akaufukia nusu kwa mchanga, juu akatia kifuniko, akasema utafaa kunywa maji ya kudekia.

"Nikamwambia ufuo hufukiwa wote. Akanijibu, ardhi ni ardhi. Ndivyo alivyokuwa. Halafu akatia sakafu mpya, nami nikadhani ameumaliza. Ghala ilikuwa yake na magunia yake, mimi sikuwa nikiingia." Akavuta pumzi. "Na wewe ukanileta kulala nao."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Nilifungua tena daftari nikautazama ule mstari. Nilikuwa nimeuchora kwa nukta kwa sababu paipu yenyewe sikuiona. Nilidhani tu ipo, maana tundu lenye kifuniko lazima liende mahali. Miaka ikapita nikasahau kwamba nukta zilikuwa dhana. Miezi minane nilikuwa nikimwaga maji ya shuka katika shimo lisilokwenda popote, kila siku, mpaka mchanga ukashiba na nyuzi zikaugeuza tope. Ardhi ya chini nayo ilikuwa imejaa mvua. Hakukuwa na kilichoziba. Kulikuwa na shimo lililojaa. Na jambo moja sikumwambia mama, wala hakulitaja, kwamba maji ya shuka niliyoyamwaga katika ufuo wa bibi yalikuwa ya najisi.

"Basi tulifukie," fundi akasema. "Hawe, ninalifukia. Unasikia? Sichimbi."

"Fukia wote," mama akamjibu. "Usinifanyie nusu kama yule."

Saa tisa kasoro dakika kumi, mvua ikiwa imepumzika, mkokoteni ulileta mawe na mchanga. Fundi alichota maji tunduni kwa kopo na ndoo, mimi nikizipokea na kuzimwaga uani, ndoo ishirini na tatu. Kila nikirudi nilitazama alama za chaki. Ukingo ulikuwa umesimama futi tatu kutoka kitandani. Akapanga mawe makubwa, akashindilia madogo, akatia mchanga, kisha simiti aliyoichanganya kavu kavu, akasema ile itakunywa maji yenyewe na kukaza. Mama alikuwa akiuliza kila baada ya dakika chache, "Imefika wapi?" na fundi akimjibu, "Magotini, hawe," na baadaye, "Kiunoni," mpaka akamwambia, "Sasa imevaa kofia."

Nilikuwa nikideki sakafu nilipolisikia gari la mdogo wangu. Aliingia na vijana wake wawili, viatu mkononi. Akaitazama pembe iliyovunjwa, akanitazama mimi niliyelowa hadi magoti, akamwendea mama.

"Mama, twende. Chumba hiki si cha mtu."

"Kaa."

"Gari linawaka."

"Lizime. Petroli ni ghali." Akamngoja akae. "Ufuo uliokuwa wazi umefukiwa leo. Mkitaka kunitoa, chimbeni mwingine kwanza."

Vijana wale wawili walitoka nje bila kuambiwa. Mdogo wangu akasema atalala hapa hapa usiku ule, na maji yakirudi hata inchi moja, asubuhi mama anakwenda Mambrui, naye hataki kusikia maneno. Mama akasema ni haki. Mimi nikatega sikio, maana mvua ilikuwa imeanza tena.

Ilinyesha mpaka karibu na alfajiri. Adhana ilipolia nilishuka vidato vitatu, nikapiga magoti nyuma ya kabati, nikaweka kiganja juu ya simiti, kisha nikakipitisha sakafuni hadi mguu wa kitanda. Palikuwa pakavu pote. Mdogo wangu alikuwa ameshaamka, anatazama mkono wangu. Akaswali, akanywa chai, akarudi Mambrui peke yake.

Mpira wa mashine sasa unatoka dirishani na kwenda shimo la uani, na safari hii paipu nimeiona kwa macho. Gharama niliziandika asubuhi hiyo hiyo. Fundi elfu tatu, simiti mia nane na hamsini, mawe na mchanga pamoja na mkokoteni elfu moja na mia mbili. Hizo zilifanya kazi. Gari la kunyonya elfu saba na mia tano, dawa ya kuzibulia mia sita na hamsini. Nilizopoteza kabla sijamuuliza mama ni shilingi elfu nane, mia moja na hamsini.