Yowe la Mponda Mawe

Jirani yangu hapa Kewanja huponda mawe ya dhahabu akiwa ameyazungushia mpira wa tairi yasiruke, simu ameiegemeza kwenye karai. Humo hutazama Joka Jekundu, vijana wa Shanghai wanaolipwa kucheza gemu ya kompyuta ya kuvamiana ngome. Mwanawe ndiye aliyemwonyesha timu hiyo, iliyotwaa kombe la dunia mara mbili kisha ikaboronga miaka mingi. Hupiga nyundo, hupuliza vidole, hutazama. Hata siku shimo la dhahabu lilipomfukia huyo mwanawe hatukumsikia akilia, aliponda tu. Jana Joka Jekundu walirudi fainali. Ghafla akapiga yowe, lile la ng'ombe wakiibwa, na huku kwetu yowe halipuuzwi. Wanaume wakaja mbio na mapanga na mishale. "Ng'ombe za nani, mama?" Akawaonyesha simu. "Wameacha ngome wazi! Wamevamiwa, imebomoka yote!" Nikangoja watukane. Mzee wao akaitazama simu, akamtazama yeye. "Hii ndiyo timu ya marehemu?" Akaitikia kwa kichwa. Mzee akaweka panga chini, akaketi juu ya mawe, na wote wakaketi, kama tunavyoketi msibani.