Alteneta ya Mtani Wangu

Mpaka leo mtu akinieleza jambo huku anacheka, mimi humwomba arudie taratibu, bila kucheka. Vijana huniona mzee mkorofi. Waone hivyo hivyo. Niliwahi kumcheka mtu mchana mzima, kumbe mwenzangu alikuwa anasema kweli.

Nilikuwa dereva wa kijiji, miaka ile watu walipotolewa vitongojini na kukusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Chetu hakikuwa mbali na Chanika ya Handeni, na mali yake kubwa ilikuwa landrova iliyoachwa na Mzungu mmoja wa mkonge. Umri wake ulizidi uhuru. Ilibeba mbegu, mahindi, wajumbe, wagonjwa, na safari moja mbuzi wa mwenyekiti, aliyekaa mbele kabisa mimi nikiwa siruhusiwi kusema neno. Ugonjwa wake ulikuwa dainamo. Haikuweza tena kujaza betri, kwa hiyo kila asubuhi wanakijiji waliokuwa wakienda shamba la ujamaa walilazimika kuweka majembe chini na kuisukuma mpaka iwake. Walinisukuma kwa maneno kuliko kwa mikono. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na maneno yale yalinifikisha mahali pabaya.

Fundi wangu alikuwa Korogwe, kwenye karakana ya shamba la mkonge. Alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa kukata mkonge, yeye akaangukia kwenye spana. Mimi Mzigua, na makabila yetu yana utani tangu zamani, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujajuana. Sikumbuki kama tuliwahi kusalimiana vizuri. Mimi nilimwita mpagazi wangu, nikimdai mizigo ambayo babu zake waliitupa porini kwetu walipokuwa wakipita kwenda pwani. Yeye alinisimanga kwa njaa za Handeni, akiapa kwamba babu yangu alinunuliwa na babu yake kwa kibaba cha mtama. Nilipofiwa na mama yangu, alipanda lori kuja Handeni, akaingia kaburini kabla maiti haijafika, akajilaza chali na kusema mahali pamempendeza, sisi tukatafute pengine. Wazee wa Kizigua wakamvuta miguu. Nilicheka siku ya kumzika mama yangu, na kile kicheko ndicho kilichonisimamisha nikaweza kushika udongo. Sikumshukuru. Mtani hashukuriwi.

Siku niliyompelekea landrova alikuwa na alteneta, mashine ya kisasa inayozalisha umeme badala ya dainamo, aliyoing'oa kwenye lori lililokufa shambani kwao, na mkubwa wake alikuwa amekubali kukipa kijiji. Aliifanya kazi ile tangu asubuhi mpaka alasiri. Alichomelea kikono kipya cha kuishikilia, akafumba jicho moja kuhakikisha mkanda wa feni umenyooka, akaondoa kisanduku cha zamani kilichokuwa kikiichunga dainamo. Kisha akaigeuza betri. Kwenye gari lile la zamani upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, na alteneta ilitaka upande wa hasi. Kila hatua alinieleza, na kila maelezo alinichanganyia na tusi la ukoo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Alipomaliza akaanza kufuta mikono kwa tambara lenye petroli. Akasema, "Mzigua, usichomoe waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Hii siyo dainamo ya babu yako. Ukichomoa, unaiua."

Nikamwambia aache kunifundisha uoga wa Kinyamwezi. Madereva wote wa siku zile tulipima dainamo kwa njia hiyo: unawasha injini, unachomoa waya mmoja wa betri, na injini ikiendelea kunguruma unajua dainamo inazalisha umeme. Nilifanya hivyo mara zisizo na idadi.

Hakubishana. Aliendelea kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, akasema kwa sauti ile ile, "Na mimi wiki ijayo napasuliwa tumbo hapo hospitali. Daktari kaona uvimbe. Nisipoamka, njoo unizike."

Nikamjibu kwamba nitakuja, ila nitamzika amekunjwa, maana siwezi kuchimba kaburi refu kwa ajili ya mpagazi. Nilidhani alicheka. Alikuwa ameinama kukusanya spana zake, sikumwona uso.

Landrova ilirudi Handeni kama imezaliwa upya. Iliwaka asubuhi kwa ufunguo tu, honi ikawa na sauti, wenye majembe wakanipita bila kuwa na la kusema. Raha ile ilidumu siku kumi. Ya kumi na moja, mbele ya watu waliokusanyika kwa mkutano, katibu wa kijiji aliichungulia ile alteneta, akauliza kitu kidogo vile kinazalishaje umeme. Akasema huenda fundi wangu amenifungia kopo, tunatumia betri tu na siku moja itakwisha njiani. Watu wakacheka. Wangenyamaza, nisingefanya nilichofanya.

Nikafungua boneti. Nikawasha injini, nikawasha na taa ili hata aliye nyuma aone, nikamwambia mmoja akanyage mafuta. Nikashika waya wa betri, nikamtazama katibu, nikauchomoa.

Taa zikang'aa weupe ambao sijapata kuuona mchana, zikazimika zote mbili pamoja. Injini ikakata. Moshi mwembamba ukatoka kwenye alteneta, na ile harufu ya waya unaoungua ikatufikia sote. Nilibaki nimesimama na waya mkononi. Katibu aliniuliza kitu, sikumsikia. Nilichosikia ni sauti ya fundi: unaiua.

Kwa hiyo hakuwa akitania.

Nilisema hivyo kwa sauti, nadhani, kwa sababu mtu aliuliza nani hakuwa akitania. Ndipo nikakumbuka la pili. Maneno yale yalikuwa mawili. Aliyasema amesimama mahali pamoja, kwa sauti moja, akifuta mikono kwa tambara moja. Kama la waya lilikuwa kweli, basi na la tumbo lilikuwa kweli. Wiki aliyoitaja ilikuwa imekwisha kupita. Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, mbele ya mkutano mzima. Watu walidhani nalilia gari. Mwenyekiti aliponifokea kwamba nimeteketeza mali ya kijiji, nilimwambia nakwenda Korogwe kwa fundi, naye akaona ndiyo akili. Sikumweleza zaidi.

Nilipata lori la mahindi kesho yake asubuhi. Njiani nilijipa moyo kwa kumwandalia matusi. Nilikuwa na tusi moja zuri sana la tumbo la Mnyamwezi na vitu ambavyo daktari angevikuta humo. Nililirudia mpaka tukavuka mto. Karakanani waliniambia yuko hospitali, kapasuliwa, yu hai. Nilishukuru kwa sauti. Nikaenda mbio, mtu mzima mwenye mvi, nimevua kofia.

Mkewe nilimkuta nje ya wodi, ameshika bakuli la uji. Sikuwa na haja ya kuuliza, lakini aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini. Madaktari walimfungua, wakatazama, wakamshona. Hakukuwa na cha kutoa. Walimwambia yeye, mke, na yeye akawaomba wasimwambie mgonjwa. Yeye na ndugu wote walimwambia uvimbe umetolewa, atapona.

"Bora umekuja, shemeji," alisema. "Sisi tukimtazama tunataka kulia. Ingia wewe, umtukane kidogo. Akitukanwa atajua ni mzima."

Nikaahidi. Niliingia nikiwa na lile tusi mdomoni.

Hata nilipokaribia kitanda sikumtambua. Siku kumi na mbili tu, na uso wake ulikuwa umebaki macho. Mikono ile, ambayo sijawahi kuiona bila grisi, ilikuwa imetakata, imelala juu ya shuka. Mikono ndiyo iliyonishtua kuliko tumbo. Akanigeuzia uso, na macho yakachangamka.

"Mzigua," alisema. "Umesikia pana wali wa matanga, ukaja mbio."

Zamu yangu. Katika miaka yote ile sikuwahi kukosa jibu, na lile nililoandaa lilikuwa zuri kuliko yote. Nilifungua mdomo. Nikamshika mkono, nikasema, "Pole sana, ndugu yangu. Mungu yupo."

Niliyasikia maneno yakitoka nami nikashangaa kama mtu mwingine ameyasema. Sikuwahi kumwita ndugu. Sikuwahi kumpa pole, hata alipovunjika mguu. Nilimwona akiyasikia. Yale macho yaliyochangamka yalitulia, yakanipima polepole, kama alivyokuwa akisikiliza injini kabla ya kusema ina nini. Nikaharakisha kumtukana. Nililitoa lile tusi lote, mpaka mwisho, na hata kicheko nikakitia. Sauti ilikuwa inatetemeka. Yeye alinisubiri nimalize, kwa adabu, kama anayemsubiri mgeni.

"Wao wameniambia napona," akasema. "Wewe wamekwambia nini?"

Nilitazama sakafu, na hilo lilikuwa jibu.

Mkewe aliingia na bakuli, amejipaka tabasamu, akauliza kama mtani amemchekesha mgonjwa. Mtani wangu aliutoa mkono wake katika mkono wangu, akasogea kidogo kitandani, ingawa nilijua kusogea kunamuuma, akamwachia mkewe mahali pa kukaa.

"Weka uji chini, mama," alisema. "Kaa hapa. Tuzungumze habari za watoto."