Drafti ya Kumrudisha Baba

Juzi kwenye televisheni walibishana kama askari wetu waondoke Kongo. Mimi, mwenye karakana tatu Igoma kwa elimu ya darasa la nne tu, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni Kirumba.

Baba alikuwa vitani Msumbiji, na barua zake zilikuwa zimekoma. Karibu na dagaa zilizoanikwa, wazee wawili walicheza drafti ya vizibo. Mmoja alitaka askari warudi; mwenzake alisema wabaki, wamalize kazi. Nilidhani mshindi ndiye angeamua. Huyo wa kubaki alipokaribia kushinda, nikamwibia kizibo.

Akanidaka mkono. "We mwizi, cha nini?"

"Shikamoo babu. Ili baba arudi."

Alinitazama, kisha akausukuma ubao. "Haya, nimefungwa."

Nikatimua mbio kumwambia mama apike wali.