Kisima cha Tatu cha Hilari

Kwa desturi ya Kimakonde, katekista Hilari alihamia kwa wakwe zake karibu na Msimbati, akawa analima ardhi ya ukoo wa mkewe, Filomena. Alichimba kisima, shemeji yake Fabiani akakitaka, akamwachia. Cha pili vilevile. Watu walimsifu, maana mwenyewe alifundisha kanisani kwamba Wayahudi na Wakristo humheshimu Isaka kwa kuwaachia wagomvi visima vyake na kwenda kuchimba kwingine.

Kiangazi cha 1998 Fabiani akaja kwenye kisima cha tatu na kalibu begani.

“Shemeji Isaka, hapa nitafyatulia matofali. Wewe sogea mbele.”

“Mbele ni mikoko, shemeji. Maji ya chumvi.”

“Si unajua kuomba?”

Filomena aliacha kumwagilia mchicha. “Isaka cha tatu hakunyang'anywa,” alisema.

Hilari alilijua hilo. Akikataa, Jumapili angefundisha kwa uso gani? Akikubali, wanawe wangekunywa nini? Alimchotea Fabiani maji, kisha akaketi ukingoni. Fabiani akanywa, akangoja aondoke. Hilari hakuondoka.