Ahadi ya Shemasi Gaines na Mtihani wa Vernell

Vernell Tolliver alikaa dirishani kama karani kwenye mahakama ya makosa ya barabarani, pale Macon, Georgia, mpaka mvi zikamwota, akipokea faini na kusikiliza mawakili. Alichojifunza ni kwamba wengi wao husema upuuzi wakiwa wamevaa suti nzuri. Upuuzi yeye alikuwa nao wa kutosha, suti angenunua. Akaamua kwenda shule ya sheria. Ila huko huingii mpaka ufanye kwanza mtihani wa kupima akili, ule wenye maswali ya "kama hivi, basi vile."

Alikuwa na mchumba wa tangu zamani, Roosevelt Gaines, au Velt kwa kifupi, shemasi wa kanisa na fundi wa majokofu. Kila Jumapili baada ya ibada Velt alikula kwa Vernell mpaka mifupa ikang'aa, lakini neno ndoa lilimpalia. Mungu ana njia zake. Siku moja, wakati wa ushuhuda, Roho alimshukia, au labda ni joto tu, akasimama na kupaza sauti:

"Vernell akipata alama za kuingia shule ya sheria, nitamwoa! Mungu shahidi!"

Kanisa zima likaitikia amina. Kabla hajaketi, akina mama walishaanza kuulizana kuhusu kofia za harusi.

Kila mtu alielewa namna moja, na Vernell pia: akifaulu, ndoa, akifeli, kwaheri. Basi akasoma kama anayefukuzwa na nyuki. Jioni alikwenda darasani, kwenye chumba cha chini cha maktaba, kwa mwalimu kijana aliyeitwa Pruett.

"Kila mchungaji anapenda kuku wa kukaanga," alisema Pruett. "Otis anapenda kuku wa kukaanga. Tunajua nini kuhusu Otis?"

"Ni mchungaji," Vernell akajibu. "Kama bado, ameitwa."

Darasa likacheka. Pruett akashika kichwa. "Bi Tolliver, umegeuza mshale, umeanzia mwisho! Hata mwizi anapenda kuku."

"Mwanangu, hujawaona wachungaji wetu."

Mtihani ukafika, ukapita, majibu yakaja. Alama hazikutosha. Hazikupungua sana, lakini mlango wa chuo haufunguki kwa nusu mguu. Kanisani akina mama walimkumbatia kama mfiwa. Mmoja alimwuliza polepole, kwa upendo, kama duka lingekubali kurudishiwa kofia. Velt naye alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa mno, huzuni ya mtu aliyesamehewa deni.

Vernell alilia, akaomba, akapiga makofi mawili kwenye unga wa mkate wa mahindi, kisha akarudi darasani. Siku hiyo Pruett aliuliza, "Mvua ikinyesha, barabara italowa. Mvua haikunyesha. Je, barabara ni kavu?"

"Kavu," alisema jirani yake.

"Hapana," Vernell akasema taratibu, kama anayejisikiliza. "Mtu anaweza kuwa ameosha gari. Mvua haikunyesha, basi hatujui kitu. Hatukuambiwa chochote kuhusu siku isiyo na mvua."

"Sawasawa kabisa, Bi Tolliver!"

Lakini Vernell alikuwa ameshabeba mkoba wake, yuko mlangoni.

Jumapili iliyofuata Velt alikuja kula kama kawaida. Shangazi Hattie, aliyemlea Vernell na bado anaishi naye, alikuwa amekaa kichwa cha meza. Velt alipojaza mdomo mboga, Vernell akaanza.

"Velt, ulisema nikifaulu utanioa."

"Nilisema, mpenzi. Na inaniuma sana."

"Usiumie. Nikifeli ulisema nini?"

Velt akasimamisha uma. "Nilisema... si ndiyo hivyo?"

"Hukusema kitu. Kanisa zima lilisikia. Ahadi yako ilihusu kufaulu tu. Kuhusu kufeli huna ahadi, huna katazo, huna ukuta wa kujificha. Kwa hiyo hakuna mtihani unaokuzuia. Uko wewe tu."

"Vernell, huo ni ubishi wa mawakili."

"Asante."

Shangazi Hattie akacheka mpaka meno ya bandia yakasogea. "Na huyu ndiye amefeli! Angefaulu si ungekuwa umeshafungwa jela?"

Velt aliangalia sahani, akaangalia dirisha, akamwangalia Vernell, ambaye alikuwa akisokota pindo la kitambaa cha meza ingawa uso ulitulia. Aliliona pindo lile likisokotwa. Labda hilo ndilo lilimshinda, kuliko hoja zote.

"Ninaogopa," akasema.

"Na mimi naogopa. Swali bado liko palepale: utanioa?"

"Mmmh-nnh," akasema Velt, mboga bado shavuni.

"Meza kwanza," Shangazi akamkemea. "Kiapo hakipiti kwenye mboga."

Velt akameza. "Ndiyo. Nitakuoa."

Vernell akafunika uso kwa kitambaa cha meza, akamshukuru Mungu humohumo ndani. Alipokitoa, macho yalikuwa mekundu.

"Mtihani nao narudia," akasema. "Na leo vyombo utaosha wewe."