Kuku alimvunja mkono, mumewe akashika sindano

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya ukuta wa uani, na Mama Behewa tayari ameketi kwenye kigoda mbele ya banda la kuku, bakuli la pumba mapajani. Anatupa konzi moja, anasubiri, anatupa nyingine. Kila mkono wake wa kulia unaponyooka anautazama, kama mtu anayemtazama mgeni aliyedhaniwa hatarudi.

"Usidhani nalisha kuku," anasema. "Naufurahia mkono wangu."

Jina hilo alipewa na majirani. Kabla ya kustaafu alikuwa mhudumu wa behewa la kulala kwenye treni ya safari ndefu, akitandika vitanda na kugawa shuka. Siku hizi anaishi kwa mayai na kwa vitambaa anavyofuma: vya meza, vya makochi, na mablanketi ya watoto wachanga.

Kufuma alijifunzia humo humo garini. Treni ilikuwa imesimama porini ikingoja njia, na abiria mmoja, mama wa makamo, akamwona anapiga miayo kwenye korido. Akampa uzi na sindano yenye ndoano, akamwelekeza. Bahati mbaya mwalimu aliteremka kituo kilichofuata, kabla somo halijaisha.

"Nikafuma kamba ndefu kama treni yenyewe, maana kukata kona sikujua," anasema, akicheka hadi pumba zinamwagika.

Rangi zake nazo ni za safarini. Kahawia na kijani kibichi, kwa mfano, anaziweka pamoja kwa sababu ya mashamba yaliyolimwa nusu, aliyokuwa akiyaona dirishani mvua inapokatika.

Mapema mwaka huu alikuwa akifuma blanketi la rangi hizo kwa ajili ya mjukuu wake wa kwanza. Binti yake, aliyeolewa mbali, alikuwa mjamzito. Na hapo ndipo anapoingia kuku anayeitwa Mkaguzi, mwekundu, mwenye shingo ndefu, asiyeacha chumba bila kukikagua.

Asubuhi hiyo Mkaguzi aliingia sebuleni akapanda juu ya blanketi. Mama Behewa akakurupuka kumfukuza, akateleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, akaangukia mkono. Kifundo kikavunjika.

Hospitali walimfunga plasta. Daktari hakumficha: kwa umri wake mfupa ungeweza kuunga, lakini vidole vikabaki vigumu.

"Sikulilia maumivu," anasema. "Nililia vidole."

Mumewe, fundi wa malori aliyestaafu ambaye mtaa mzima unamwita Spana, alichukua kazi ya kuku. Sindano ilibaki kikapuni. Hadi alasiri moja alipotoka bandani akamkuta mkewe anajaribu kufuma kwa mkono wa kushoto, uzi umemzonga, machozi yanamtiririka. Spana alinawa mikono, akakaa kando yake, akalivuta blanketi.

"Haya, nielekeze," akamwambia. "Wewe kichwa, mimi mikono."

Mkewe alidhani ni utani. Vidole vya mzee ni vinene, vina makovu ya miaka ya gereji, na uzi aliuvuta kwa nguvu zake zote. Mama Behewa ikabidi amkumbushe kwamba ile si nati. Mzee akafumua, akaanza upya. Akakosea, akafumua tena. Rafiki zake walipopita wakamkuta barazani na kikapu cha uzi, walimcheka wakachoka, naye akaendelea. Anasema aliyezoea nyaya za lori hawezi kushindwa na uzi mmoja.

Mistari yake ilitoka imebana, mingine imepinda, lakini blanketi likakua.

Siku ya kutolewa plasta Spana alibaki kwenye benchi la korido, kwa sababu aliogopa kuingia. Ndani, daktari alimwagiza mama aguse kila kidole kwa dole gumba. Cha shahada kikafika. Cha kati kikafika. Cha pete kikasuasua, kikafika. Kidole cha mwisho kilitetemeka kitambo, kisha nacho kikagusa. Daktari akamwambia mfupa umeunga vizuri, na ugumu uliobaki utaondoka kwa kazi.

"Nikamwambia kazi ninayo," anakumbuka.

Alipotoka, mumewe alisimama. Mama Behewa aliinua mkono, akakichezesha kidole cha mwisho. Mzee akajikuta amekaa tena, akavua kofia, akacheka huku akijifuta macho.

Wiki hiyo hiyo simu ililia: binti amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili wazima. Spana alimwomba mkewe afumue mistari yake iliyopinda aifume upya. Mama Behewa alikataa katakata.

Sasa blanketi limekwisha, limekunjwa juu ya sanduku, tiketi mbili za treni zimeshakatwa, na jirani amekubali kutunza kuku, Mkaguzi akiwemo. Wanaondoka mwisho wa mwezi. Spana tayari ana orodha ndefu kichwani ya mambo ya kufanya wakifika, kuanzia bawaba za mlango wa binti yake.

Mama Behewa anakung'uta pumba kwenye kanga, anafumba kiganja, anakifumbua.

"Mimi nikifika nitampakata mtoto," anasema. "Kwa mikono yote miwili. Hayo mengine yatasubiri."