Februari ya Keturah

Hulda Wadlin alikuwa mezani tangu asubuhi, kalamu mkononi, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Jumamosi ile Roland, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuwa anaoa, na desturi ya ukoo ni bibi harusi kupewa Biblia mpya yenye majina ya watu wote wa nyumba ile, tangu Jabez aliyefyeka msitu wa Tamsett enzi za mfalme wa Waingereza mpaka bwana harusi mwenyewe. Mwenye kuyaandika ni mwanamke mkubwa wa nyumba. Mwaka huo wa 1953 mkubwa alikuwa Hulda.

Mdogo wake, Orpha, alisimama nyuma ya kiti akatazama.

"Dada, umemruka mtu."

"Sijamruka mtu. Nimemruka aliyerukwa."

"Sasa hapo Jabez ana watoto saba na hana mke. Aliwazaa mwenyewe?"

"Orpha, kasuke viti vyako."

Kusuka viti ndiyo kazi iliyomlisha Orpha miaka arobaini. Watu wa Tamsett walimletea viti vilivyotoboka, naye akavisuka upya kwa matete. Lakini siku hiyo hakwenda. Aliivuta Biblia ya zamani akaufungua ule ukurasa. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai, ila maneno yalisomeka: *Jabez Wadlin na Keturah Soule wameoana, 18 Aprili 1723.* Na chini yake: *Jotham, mtoto wao, amezaliwa 3 Februari 1723.*

Jina la Keturah lilikuwa limepigwa mistari mitatu myeusi. Aliyeipiga ni Shemasi Lemuel, babu wa baba yao, miaka mia moja baada ya harusi ile. Siku moja alikaa akapiga hesabu: mtoto Februari, ndoa Aprili. Akachukua kalamu. Tangu hapo hakuna mtoto wa kike aliyepewa jina hilo katika ukoo. Likawa tusi. Msichana akicheka kanisani huambiwa, "Keturah huyo!" Orpha mwenyewe aliitwa hivyo na mama yao, mbele ya wageni, akiwa na miaka kumi na tisa, kisa alionekana akicheka na kijana aliyekuja kuwavisha farasi viatu vya chuma. Kijana yule alisikia. Hakurudi tena, na hakuja mwingine.

"Nipe mpaka Ijumaa," Orpha alisema.

"Ufanye nini? Utamfufua?"

"Nimtafute tu, dada. Mtu hawezi kuwa mstari."

Hulda akaguna. "Ijumaa saa sita. Baada ya hapo naipamba Biblia utepe, na usije ukanililia."

Basi Orpha akavaa mabuti, maana ilikuwa Machi na barabara zilikuwa tope tupu, akaenda kwa Bwana Selden Pratt, karani anayetunza vitabu vya mji.

"Bi Orpha! Umeleta kiti changu?"

"Kiti chako kimeoza, Selden, kama mwenyewe. Nipe vitabu vya zamani."

Siku mbili alisoma. Kumbe Keturah alikuwepo, tena sana. Hakujua kuandika, kila palipotakiwa jina lake alichora alama kama ngazi ndogo yenye vidato vitatu. Mwaka wa 1738 ugonjwa wa koo ulipopita Tamsett alizika watoto wawili kwa wiki moja. Aliyezaliwa mwaka uliofuata akapewa jina la mmoja wa wale waliokufa, kama ilivyokuwa kawaida. Alishitakiwa kanisani kwa kufuma soksi wakati wa mahubiri, na jibu lake likaandikwa: kwamba masikio yake hayakuhitaji mikono, nayo yalisikia yote.

Orpha akacheka peke yake. Selden akamtazama juu ya miwani.

Jabez alipokufa, nyumba ikawa ya Jotham. Mjane akaachiwa fungu lake, nalo lilipimwa kwa maneno: chumba cha magharibi, haki ya kupita jikoni kwenda kisimani, na kuoka mkate wake tanurini siku moja kwa wiki. Akaishi hivyo miaka kumi na tisa. Orpha alimwona kabisa, bibi kizee na ndoo yake, akikatiza jiko la mkazamwana. Hodi, napita. Hodi, narudi. Miaka kumi na tisa!

Lakini yote hayo hayakufuta ile Februari. Alhamisi alasiri kilibaki kitabu kimoja tu, cha mchungaji aliyebatiza watoto. Orpha alikisoma kama anavyosuka, tete baada ya tete, bila kuruka. Oktoba 1723. Novemba 1723. Desemba 1723. Kisha, Januari 1723. Februari 1723: *Jotham, wa Jabez na Keturah.* Halafu Machi, na mwishoni mwa Machi ghafla ikawa 1724.

"Selden, huyu mchungaji alikuwa mlevi?"

"Kwa nini?"

"Desemba yake inafuatwa na Januari ya mwaka uleule."

Selden akaja, akainama, akaanza kucheka mpaka akashika mgongo. "Si mlevi. Wazee wale mwaka wao ulianza tarehe ishirini na tano Machi, Bi Orpha. Januari na Februari zilikuwa mkiani mwa mwaka. Kubadilisha kumekuja baadaye, Keturah keshakuwa na wajukuu."

Orpha akahesabu kwa vidole. Aprili mwanzoni mwa mwaka, Februari mwishoni. Miezi kumi kasoro kidogo. Akahesabu tena. Jotham alizaliwa ndani ya ndoa.

Hulda hakuamini neno la mtu. Ijumaa asubuhi alivaa kofia yake ya kanisani, akaburuza mabuti kwenye tope hadi kwa Selden, Orpha nyuma yake, akaweka kidole kwenye kitabu. Desemba. Januari. Februari. Akarudi nyuma, akaanza upya. Selden alitaka kueleza, Orpha akamkanyaga mguu.

Nyumbani Hulda akaketi bila kuvua kofia. Katika Biblia mpya, pembeni ya jina la Jabez palikuwa na nafasi finyu. Akabana herufi: *na mkewe Keturah.*

"Shemasi Lemuel," alisema, "alikuwa mjinga."

"Hakujua tu, dada."

"Asiyejua huuliza." Akamgeukia mdogo wake. "Na mtoto angezaliwa miezi mitatu baada ya harusi? Useme kweli."

"Ningekuambia umwandike vilevile."

"Najua. Ndiyo maana nilikwenda kuona kwa macho yangu. Wewe ungeniambia lolote." Akakausha wino taratibu, hakuinua uso. "Mama alikukosea siku ile. Nilikuwepo, nikanyamaza."

Orpha alivuta kiti akakaa karibu na dada yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya sana.

"Haya," Hulda akasema, akichovya kalamu, "nitajie na wale wawili waliokufa kwa koo, Biblia ya zamani iliwaacha. Polepole! Wewe ukianza kusema hufungi breki."

"Wa kwanza aliitwa Silence," Orpha akasema. "Alikuwa na miaka minne."